Njia Nyuma ya Nyumba

Nyumba niliyotaka kuinunua iko Minjila, upande wa juu wa barabara, mahali ambapo zamani palikuwa na vichaka vitupu na sasa pana nyumba za mabati mapya yanayoumiza macho saa sita mchana. Watu wa Garsen wanapaita mtaani, kana kwamba hakuna mtaa mwingine duniani. Aliyeijenga ni karani mmoja wa kutoka bara. Alihamishwa kikazi kabla hajaizoea, akaamua kuiuza. Ilikuwa na vyumba vitatu, baraza ya saruji, tangi la maji, na mwarobaini mmoja mbele.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu uuguzi. Nyumba ya zahanati niliyokuwa nikikaa ingechukuliwa na muuguzi mwingine, nami ningebaki na vyombo vyangu mikononi. Lakini sitaki kudanganya. Sikuwa nikitafuta nyumba kwa ajili yangu, nilikuwa nikiitafuta kwa ajili ya mama.

Mafuriko ya mwisho yalimkuta mama kijijini kwetu, kando ya mto Tana. Walimtoa kwa mtumbwi, ameketi juu ya gunia la mpunga ambalo alikataa kuliacha, wakampandisha kwenye tuta la barabara. Huko alikaa chini ya turubai miezi mitatu, mwanamke wa miaka themanini na kitu. Choo kilikuwa shimo lililozungushiwa magunia, na magoti yake hayakunjiki. Aliacha kula ili asihitaji kwenda. Mimi muuguzi, ninayewahubiria watu kila siku habari za kula vizuri, niligundua jambo hilo wiki ya tatu, nilipomshika mkono nikaukuta umebaki mfupa. Niliona aibu. Nilijiapia siku ile kwamba mvua nyingine kubwa haitamkuta mama chini ya turubai.

Kwa hiyo nilipoanza kupima mtaa ule, nilipima kama mtu anayemtafutia mgonjwa wake kitanda. Dalali alikuwa kijana wa Garsen, mwenye pikipiki na maneno mengi.

"Madam, hii ploti ni safi, iko na kila kitu," aliniambia siku ya kwanza. "Ukilala kidogo tu, utapata imeenda."

"Iende," nikamwambia. "Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

Nilirudi pale mara saba. Nilikwenda saa sita jua likiwa la utosi, nikasimama ndani ya chumba cha mashariki, ambacho kingekuwa cha mama, kuona kama ataungua. Nilikwenda asubuhi baada ya mvua, nikaona maji yalikotuama na yalikokimbilia. Nilichunguza kuta za nyumba za jirani, nguzo za umeme, hata mashina ya miti, nikitafuta ule mstari wa tope ambao mafuriko huuacha. Sisi watu wa mtoni tunausoma mstari ule haraka kuliko tunavyosoma barua. Haukuwepo. Nilihesabu vichuguu, maana marehemu baba alikuwa akisema mchwa hajengi mahali maji yanapolala, na vichuguu vilikuwepo, virefu, vya miaka mingi. Nilichimba udongo kwa kijiti nione kama ni ule mweusi unaopasuka na kupasua nyumba. Ulikuwa mwekundu wenye mchanga. Nilimwuliza mama mmoja anayekaanga mahamri pale njia panda maji ya mafuriko yale makubwa yalifika wapi, akanionyesha kwa kidole daraja dogo la barabarani, mbali kabisa, akasema hayakuvuka pale.

Moyo wangu ulianza kuipenda nyumba ile. Na kipenda roho hula nyama mbichi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande kingine cha ardhi, kirefu, chembamba, ambacho karani alikiingiza kwenye hati yake na kukizungushia seng'enge pamoja na kiwanja chake. Hakukuwa na kichuguu hata kimoja pale. Ardhi yake ilikuwa ngumu na imebonyea kidogo, na pembeni ilimea mathenge, ile miti ya miiba, kwa mstari, mti baada ya mti, mpaka ulikokwenda kupotea kuelekea mtoni. Niliyatazama yale mathenge nikasema, kuni hizo, tena na ua wa bure. Nikapiga hesabu ya mahali nitakapoweka kuku wa mama na tuta lake la mchicha.

Sasa nikumbuke lile nisilopenda kulikumbuka. Jirani wa upande wa pili alikuwa mwanamke wa Kiorma, kabila la wafugaji, wa rika langu, anayeuza maziwa. Niliona madumu yake yameanikwa juu ya ua, na moyo ukashuka. Nilimwambia dalali nitafikiri, nikaenda zangu, na kwa siku kadhaa nikasema moyoni sinunui.

Watu wa mbali hawatanielewa, kwa hiyo nieleze. Kaka yangu mkubwa aliuawa na wafugaji. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi Hola, aliponijia mtu na kuniambia ng'ombe wameingia shambani kwetu, kaka ametoka kuwazuia, amechomwa mkuki. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Tangu hapo nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini katika zahanati za Tana, nikawazalisha wake zao, nikawachoma sindano watoto wao, na mkono wangu haukuwahi kumdhulumu hata mmoja. Lakini sikuwahi kuketi nao. Mikono ilikuwa yao, moyo haukuwa wao. Nilidhani hiyo ni haki yangu.

Nilirudi kwa sababu ya turubai. Nilijiambia mama hatakaa na jirani, atakaa na bati lake. Na kwa kuwa sipendi kununua mahali bila kumsalimia mwenye mahali, nilibisha hodi kwa yule muuza maziwa.

"Karibu, dada. Keti. Chai iko," alisema yule mwanamke, akanitandikia mkeka barazani kwake. Chai yake ilikuwa maziwa matupu, yananukia moshi wa kibuyu. Nilikunywa kwa adabu tu.

Nilimwuliza habari ya maji.

"Hapa maji hapana fika. Ile mwaka kubwa, watu nakimbilia hapa."

Nilimwuliza habari ya wezi, akacheka, akasema wezi hawana cha kuiba kwake isipokuwa madeni ya wateja. Kisha akatazama kule nyuma ya nyumba ya karani.

"Na hii seng'enge, dada? Wewe taiacha?"

Nikamjibu kwa majivuno kabisa kwamba sitaiacha hivyo, nitaiondoa na kujenga ukuta wa matofali. Alichukua birika akaniongezea chai ambayo sikuwa nimeimaliza, ikafurika kidogo kwenye kisahani. Nilidhani ameona wivu. Naandika hivi uso ukiniwaka, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Wiki iliyofuata nilimchukua mama kwa tuktuk kutoka nyumba ya zahanati, alikokuwa akikaa nami tangu maji yalipopungua, aje aione nyumba kabla sijaweka sahihi. Sikuhitaji ruhusa yake, nilitaka afurahi. Alishuka na mkongojo wake, akaivuka baraza bila kuitazama. Sikushangaa, maana mama ni mkulima, na mkulima huanza na ardhi. Alizunguka nyuma. Nilimfuata nikimwonyesha mahali pa kuku.

Alisimama mbele ya mathenge muda mrefu.

"Nani kapanda miti hii?"

"Imejiotea, mama. Mathenge hapandi mtu."

"Hamna mti unaojiotea kwa mstari," alisema. Aligonga ardhi kwa mkongojo, ikalia ngumu. "Ng'ombe ndiye aliyepanda. Anakula maganda yake huko nyikani, anakuja kuyaacha hapa akiteremka kunywa maji. Anakunya na anakwenda, anakunya na anakwenda. Hii ni malka, mwanangu."

Malka ni njia ya mifugo kwenda mtoni. Hakuna mtoto wa Tana asiyeijua. Mashamba yetu yamelala kando ya mto, malisho yao yako mbali nyikani, na ukame unaposhika hakuna pengine pa kupita ila katikati yetu. Njia hizo zipo tangu kabla ya babu zetu, wakulima wanazijua na wafugaji wanazijua, na hazikuandikwa kwenye hati ya mtu. Karani wa bara angezijuaje? Aliona ardhi tupu akaizungushia waya. Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilipita pale mara saba nikitafuta alama za maji, na alama za kwato sikuziona, kwa sababu sikutaka kuziona.

Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba seng'enge ile imekaa misimu mitatu na hakuna ng'ombe aliyepita, kwamba hati iko, kwamba mambo ya malka ni ya zamani na huku ni mtaani.

"Misimu mitatu ya mvua," alisema. "Mvua ikinyesha kila njia huonekana shamba. Jua likirudi watakuja. Watawakuta nyinyi na waya wenu."

"Basi nitafute wapi, mama? Nimezunguka Garsen yote. Unataka kurudi kwenye turubai?"

Hapo aliketi kwenye ngazi ya nyuma, polepole, akishikilia mkongojo kwa mikono miwili. Nilidhani amechoka na jua. Nilitaka kumletea maji, akanizuia.

"Migomba ile niliipanda mimi," alisema.

Sikuelewa ni migomba gani.

"Ya shambani. Iliyokuwa kwenye malka. Si baba yako. Ni mimi."

Kisha akanieleza, naye akiutazama mstari wa mathenge, hakunitazama mimi. Pembeni ya shamba letu palikuwa na malka. Mvua zikanyesha vizuri miaka miwili, mto ukapanda na kuacha tope jeusi juu ya njia, tope la kufanya mtu alie kwa tamaa. Mama akapanda mgomba mmoja ukingoni. Haukuguswa. Akapanda wa pili, wa tatu, akafika katikati, akaziba njia yote. Baba alimwambia ang'oe, mama akasema atang'oa baada ya kuvuna. Ukame ukaja migomba ikiwa na mikungu. Ng'ombe waliteremka kwenye njia yao wakaikuta migomba, wakapita juu yake. Kaka akatoka na panga kutetea mikungu ya mama yake.

"Wazee walipoketi kuulizana nani aliyefunga malka, baba yako alisimama akasema ni yeye. Hakunishauri. Aliona siwezi kusimama mbele ya watu na maneno hayo, na mwanangu hata arubaini yake haijafika. Akalibeba. Akafa nalo."

Mimi nilikuwa na miaka sitini kasoro mmoja, nimesimama kwenye jua la Minjila na funguo za nyumba ya mtu mkononi. Sikumkumbatia. Natamani ningesema nilimkumbatia. Nilihisi hasira, tena hasira kwa mama huyu huyu niliyekuwa nikimtafutia bati. Miaka yote ile niliketi mbali na watu, nikikataa chai zao, nikishika chuki kama mtu aliyekabidhiwa amana, na hata ya kikao kile hayakunifikia Hola, hapakuwa na mtu aliyeniambia kwamba nusu ya amana ile ilitoka nyumbani kwetu. Mkuki ulikuwa wao. Hilo halibadiliki, na sitamsamehe aliyeurusha kwa sababu ya mikungu ya ndizi. Lakini njia ilikuwa yao pia.

Tulirudi kwa tuktuk. Siku sita hatukuongea ila la chakula na la dawa.

Siku ya saba mama alinikuta nikifua, akasimama karibu na beseni.

"Nitakwenda kukaa kule," alisema. "Nyumba ni nzuri, na maji hayafiki. Lakini sitalala pale hata usiku mmoja kabla waya ule haujatoka."

Nilimwendea karani, aliyekuwa amerudi kuchukua vitu vyake vya mwisho. Nilimwomba aniuzie nyumba bila kile kipande cha nyuma. Alikataa. Alisema ni kiwanja kimoja, karatasi moja, atakayechukua achukue chote. Nikamwambia basi, nachukua chote, na kile cha nyuma nitakifungua. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mzee aliyesahau njia ya kwake.

"Mama, nakupa ardhi, wewe unaitupa?"

Dalali hakuwa na huruma hata hiyo. "Madam, hapo nyuma ungejenga nyumba tatu za kupangisha," alisema. Alikuwa na haki. Mpaka leo nikipita nyuma huziona nyumba hizo tatu, zimejaa wapangaji, hazipo.

Siku tuliyokwenda kutoa seng'enge, nilikuwa na koleo na glavu za zahanati, upumbavu mtupu, waya ule ulizichana mara ya kwanza tu. Jirani alisikia nguzo zikigongwa. Alikuja na kitambaa kizito mikononi, akashika upande wa pili. Tulikunja waya pamoja mpaka jua likawa kali. Mathenge yaliyokuwa yamejipenyeza katikati ya njia tuliyakata, tukajichoma miiba, tukaitukana miiba, kila mtu kwa lugha yake. Mwisho alikwenda kwake akarudi na bakuli la buni zilizokaangwa kwa samli, za kutafuna, kama wanavyompa mgeni wa heshima. Tulizila tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya nyuma. Safari hii sikula kwa adabu tu.

"Mimi naogopa kukuambia ile siku," alisema. "Wewe nasema ukuta."

"Nisamehe," nikamwambia.

Mama alihamia na gunia lake la mpunga. Chumba cha mashariki hakikumuunguza. Alipanda mchicha mbele ya nyumba, chini ya mwarobaini ambako haumei vizuri, na nilipomwambia kule nyuma kuna nafasi pembeni, hata hatua mbili hivi, alinitazama nikaenda zangu. Mvua za vuli hazikunyesha. Za masika zikaja chache, zikaondoka. Nyasi za kwenye njia zikawa manjano, kisha zikaisha kabisa, na ardhi ikatoka, ile ile iliyobonyea.

Walikuja asubuhi, yapata saa tatu. Kwanza tuliona vumbi, kisha tukasikia kengele za shingoni. Mama alikuwa barazani. Aliinuka, na mimi nikajua anaingia ndani kufunga mlango, kwa sababu ndivyo ambavyo mimi ningefanya. Sikumlaumu. Lakini alichukua kiti chake kidogo akaanza kukivuta, akapita nacho sebuleni na jikoni, mpaka nyuma. Nikamsaidia kukishusha ngazi. Aliketi hatua tano hivi kutoka kwenye njia.

Ng'ombe walipita wamekonda, mbavu nje, hawatazami kando, wameshanusa maji. Nilisimama nyuma ya mama nimeshika mgongo wa kiti, na sijui ni nani aliyekuwa akimshikilia mwenziwe.

Wa mwisho alikuwa mchungaji mwenyewe, mtu mzima, mvi kidevuni, fimbo begani. Umri wake ulikuwa ule ambao kaka angekuwa nao. Aliona mashimo ya nguzo tulizong'oa, akaona rundo la seng'enge limekunjwa pembeni, akasimama.

"Salaam, mama. Hapa mimi nasikia nafungwa. Nani nafungua hii njia?"

Nilifungua mdomo kujibu. Mama akanitangulia.

"Mimi ndiye niliyeifunga," alisema.

Yule mtu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachongoja. Alikuwa akingoja nimwambie bibi huyu ni mzee, anachanganya mambo, nyumba ilikuwa ya karani. Ingekuwa rahisi sana kusema hivyo. Mama naye alikuwa akingoja, nililiona hilo kwa jinsi shingo yake ilivyokakamaa.

"Ni kweli," nikasema. "Ni yeye."

Aligeukia upande wa mto. Ng'ombe wake walikuwa wameanza kukimbia kule mbele.

"Sasa iko wazi, mama," alisema, akawafuata.

Mama alikaa pale mpaka vumbi likatulia. Kisha akaniomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.